Pumzi ya Zahoro Langoni

Pumzi ya Zahoro ilirudi nyumbani Bodo siku ya Jumanne asubuhi, Nusaiba akiwa amechutama mbele ya jiko akiyapepea makaa kwa kifuniko cha ndoo. Makaa yalikuwa na unyevu, moshi ulikuwa unamliza, na unga wa mahamri ulikuwa umeshaumuka ukingoja mafuta. Mara moto ukashika wenyewe na cheche zikaruka. Nusaiba akaweka kifuniko chini, akatega sikio. Akakisikia kile kimluzi chembamba cha tundu la kushoto la pua, ambacho mumewe alikuwa nacho tangu mwaka ule mwavuli wa ufukweni ulipong'olewa na upepo ukampiga usoni.

"Umerudi?" aliuliza.

Pumzi haikujibu. Sauti ilikuwa imebaki hospitali pamoja na koo, na ndani ya koo kulikuwa na mpira wa mashine. Ilizunguka jikoni, ikapeperusha majivu yaliyokuwa juu ya sufuria, kisha ikaingia chumbani kumtazama mtoto, Salwa, aliyekuwa bado amelala.

Bi Waridi, mama yake Zahoro, aliingia kutoka uani na ungo wa mchele mkononi. Alisimama akasikiliza.

"Hiyo si pumzi ya mwanangu?"

"Ndiyo yenyewe, mama."

"Imekunywa chai?"

"Bado."

"Imiminie basi. Kutoka hospitali mpaka hapa si karibu."

Nusaiba akaimiminia chai ya tangawizi, akaiweka mkekani. Chai ilipoa upesi kuliko kawaida, wakajua imenywewa.

Zahoro alikuwa mtunza bwawa la kuogelea katika hoteli moja ya Galu. Kazi yake ilikuwa kuopoa majani kwa wavu, kutia dawa kwenye maji na kuwatabasamia wageni, na hii ya tatu ndiyo iliyokuwa nzito. Kigae kilichovunjika kilimkata unyayo. Akafunga kitambaa akaendelea, kwa sababu msimu ulikuwa umeanza na meneja hakupenda mtu anayechechemea mbele ya wageni. Nusaiba alimwambia aende akatazamwe. Akasema ni mkwaruzo tu. Mwanamume wa Bodo akisema ni mkwaruzo tu, mkewe na aanze kufunga nguo za kwenda kuuguza. Lakini safari hii hata Nusaiba alichelewa, na jambo hilo lilimla moyo. La kuvunda halina ubani. Mguu ukavimba, homa ikapanda, Zahoro akawa anatetemeka na kuhema na kuzungumza na watu wasiokuwapo. Alipofikishwa hospitali, daktari alisema vijidudu vya kidonda vimeingia kwenye damu, na mwili, katika kupigana navyo, umeanza kujipiga wenyewe. Wakamlaza kwa dawa, wakampitisha mpira kooni, na mashine ikaanza kupumua kwa niaba yake.

Hapo ndipo pumzi yake ilipokosa kazi. Ilikaa kitambo kando ya kitanda, kama kibarua aliyeambiwa leo hakuna zamu, kisha ikatoka ikashika njia ya nyumbani. Hakuna aliyeilaumu.

Mashine zenyewe zilikuja na utafiti. Muuguzi wa utafiti, msichana wa bara aliyeitwa Maryanne, alimweleza Nusaiba mambo yote tangu mwanzo, polepole, akamuuliza kama ameelewa. Kulikuwa na makundi mawili. Wagonjwa wa kundi la kwanza walijaribiwa kila asubuhi: dawa ya usingizi ilipunguzwa, mashine ikalegezwa, ikaangaliwa kama mtu anaweza kupumua mwenyewe. Wa kundi la pili waliachwa wapumzike mpaka Jumatatu, ndipo nao wajaribiwe. Njia ipi ilikuwa bora, hakuna aliyejua. Ndiyo maana walikuwa wanatafiti. Aliyepanga nani aende kundi gani alikuwa kompyuta.

"Kompyuta haina shemeji," alisema Maryanne. Nusaiba akaona hilo ni la haki, akakubali. Zahoro akaangukia kundi la pili.

Usiku ule wa Jumanne pumzi ililala ubavuni mwa Salwa, na Nusaiba naye akapata usingizi. Asubuhi Bi Waridi alimkuta anatabasamu, akaketi karibu naye.

"Mwanangu, mimi pia nimefurahi. Lakini pumzi iko hapa. Mwenyewe kule anapumua kwa kitu gani?"

"Kwa mashine, mama."

"Na hiyo Jumatatu wakiilegeza?"

Nusaiba akaacha kutabasamu. Hakuhitaji kuelezwa zaidi: siku mashine itakapolegezwa, pumzi isipokuwapo kifuani mwa Zahoro, Zahoro atakufa. Akajifunga buibui, akaiita pumzi kama mtu anavyomwita mumewe waende arusini, wakatoka.

Garama wa bodaboda alilalamika njiani kwamba kuna mtu anampumulia shingoni. Akaambiwa ni Zahoro. Akasema haidhuru, Zahoro hakuwa mzito.

Kwenye lango la hospitali alikuwapo askari, Justus, mtu wa Kitui, mpole, mwenye kofia iliyomzidi kichwa.

"Mama, hapa ni mgonjwa mmoja, mgeni mmoja," alisema. "Wewe ndio mgeni. Na hii?"

"Hii ni pumzi ya mgonjwa."

"Yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe, kaka. Ilitoka tu."

Justus alijikuna chini ya kofia. "Sasa unaona, mgonjwa ako ndani tayari. Kitu ikitoka hapa na inataka kurudi, inarudi kama mgeni. Kwa hivyo mko wawili."

"Basi na iingie yenyewe. Mimi nitangoja."

"Hiyo ni sawa. Lakini wageni ni saa sita."

Wakakaa kwenye benchi, juani, mpaka saa sita. Pumzi ikaingia. Kengele ya wageni ilipolia ikatoka, na Maryanne akatoka pamoja nayo. Alisema ilizunguka kitanda muda wote isipate pa kuingilia. Njia ya pumzi ni moja, na kwa sasa ilikuwa na mpira.

"Mlegezeeni hata kidogo," alisema Nusaiba. "Leo, saa hizi, wakati iko hapa."

"Yuko kundi la pili, dada. Ni Jumatatu."

"Na akiwa tayari kabla ya Jumatatu?"

Maryanne alitazama viatu vyake. "Tukimjaribu mmoja kabla ya siku yake, majibu yote yanaharibika. Halafu wagonjwa wanaokuja kesho tutawatibu kwa kubahatisha, vile tumekuwa tukifanya."

Alikuwa anasema kweli, na Nusaiba aliiona ni kweli. Hiyo ndiyo hasara ya kushindana na mtu asiye mwongo: huna pa kumshikia.

"Jumatatu mnamjaribu saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Madaktari wakipita."

"Na wageni wanaingia saa ngapi?"

Maryanne aligeuka akatazama lango. Hesabu ile haikuhitaji shule.

Maryanne alikwenda kuomba ruhusa, na aliomba kwa moyo wote. Madaktari walisema wao hawana kizuizi, aulizwe msimamizi wa wauguzi. Msimamizi alisema wodi haina neno, lakini lango ni la uongozi. Uongozi ulisema jambo lenyewe ni la maana na litazungumzwa kwenye kikao cha Alhamisi, ile inayofuata Jumatatu.

Jumapili mchana, pumzi ilipoingia, Nusaiba aliiagiza ijifiche chini ya kitanda isitoke hata kengele ikilia. Ilijificha. Lakini kimluzi cha pua kikaisaliti, na mfagiaji akaisindikiza nje kwa heshima, akasema samahani, angekuwa na uwezo angeiacha.

Jumatatu walifika na umande. Nusaiba alimwamkia Justus, akamwambia aliloliomba kwa siku zote zile, kisha akalirudia kwa machozi.

"Kaka yangu, nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mimi sitaki kuingia. Fungua kiasi cha kidole tu."

Justus alitazama kamera iliyokuwa juu ya lango. Askari aliyekuwapo kabla yake alifukuzwa kwa kumpitisha mama mmoja na chupa ya uji.

"Mama, niko na watoto wananitegemea," alisema. Akaingia kibandani mwake, akamtolea kiti chake mwenyewe, chenye mto, akamwomba akae.

Ukuta wa hospitali haukuwa mrefu. Nusaiba aliionyesha pumzi pahali palipokuwa na tofali lililobomoka, akaisukuma kwa mkono, akaisihi. Haikwenda. Zahoro hakuwa mtu wa kuruka kuta. Alikuwa mtu wa kubisha hodi na kungoja karibu, na kama hakukaribishwa alirudi, na pumzi yake ilikuwa hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Nusaiba alizichukia adabu za mumewe.

Saa mbili ilipofika, pumzi ilishtuka kama mtu aliyeitwa jina. Ilikimbilia langoni. Vyuma vikatikisika, vumbi likaruka, kofia ya Justus ikaanguka na yeye hakuiokota. Kimluzi kilikuwa kikali mpaka wauza maembe wa ng'ambo ya barabara wakageuka kutazama. Nusaiba alishika vyuma naye akatikisa. Kisha vyuma vikatulia. Pumzi ikarudi kwenye benchi, ikakaa, ikawa inatoka na kuingia taratibu kama ya mtu anayepumzika.

Baada ya muda Maryanne alitoka akiwa amevua glavu. Alisema walilegeza mashine, Zahoro akafungua macho, kifua hakikunyanyuka. Waliirudisha mashine upesi, lakini moyo ulikuwa umechoka na haukungoja. Alimpa Nusaiba pole. Kisha akainama akaipa pole na pumzi, akalia, na Justus akageuza uso upande wa barabara.

Walimzika Bodo baada ya Alasiri. Katika sala ya maiti pumzi ilisimama safu ya mwisho, pamoja na waliochelewa. Watu waliokuwa karibu nayo waliipisha nafasi. Kaburini haikushuka, ilikwenda mpaka ukingoni, ikatazama, ikarudi nyuma ya Bi Waridi.

Jambo lililowasumbua watu lilikuwa la eda. Maalim Twahir aliombwa aseme eda ya Nusaiba inaanza lini, ikiwa pumzi ya marehemu bado imo nyumbani, inakunywa chai na kumlaza mtoto. Maalim aliomba siku ya kutazama vitabu. Akarudi akasema ameona habari za mtu aliyepotea baharini, na za mtu aliyezimia akadhaniwa amekufa, lakini hii hakuiona. Kwa maoni yake, eda inaanza siku ya maziko, na pumzi ikae sebuleni.

"Mgeni hafukuzwi," alisema. "Lakini na ndoa imekwisha."

Usiku Nusaiba alilala chumbani na pumzi ikalala sebuleni, na baina yao kulikuwa na pazia. Alilisikia pazia likivutwa kidogo na kuachiwa, likivutwa na kuachiwa, akaziba uso kwa mto asisikiwe. Alimlilia mtu ambaye alikuwa hatua chache kutoka kwake na hana pa kumshika.

Eda haijaisha, Maryanne alifika Bodo na sukari na majani ya chai, kama alivyofundishwa kuwa ndivyo watu wa pwani wanavyohani msiba. Alileta na habari. Utafiti ulikuwa umekwisha, na majibu yalisomwa kwenye ukumbi wa hoteli Diani, mbele ya wageni kutoka nchi nyingi. Imethibitika kwamba kujaribiwa kila asubuhi ni bora. Wa kundi la kwanza walipona wengi zaidi. Sasa hakuna tena makundi. Kila mgonjwa anajaribiwa kila siku.

"Zahoro amewasaidia watu, dada. Nilitaka uyasikie haya kwangu."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Waridi.

"Mnawajaribu saa ngapi?" aliuliza Nusaiba.

"Saa mbili."

"Na wageni?"

Maryanne alikizungusha kikombe mkononi. Alisema aliandika habari ya pumzi katika ripoti, ukurasa mzima. Wakubwa walimuuliza ilipimwa kwa chombo gani, kisha ukurasa ukatolewa. Hata hivyo, kile kikao cha Alhamisi kilifanyika, na uongozi ulichukua hatua.

Hatua yenyewe Nusaiba aliiona eda ilipokwisha, alipompeleka Salwa kliniki ya watoto, ambayo ina mlango wake wa upande na hufunguliwa mapema. Pumzi ilifuatana nao, kwani haikupenda mtoto atoke bila ya baba. Nje ya lango kubwa palijengwa banda zuri la mabati, na mabenchi, na mtungi wa maji wenye kata, na maandishi ya rangi ya buluu: PUMZI ZINGOJE HAPA HADI SAA SITA. Banda lilikuwa limejaa. Palikuwa na upepo mzuri ndani yake, na watu waliokuja kuuguza walikaa humo wakishukuru kivuli.

Walipotoka kliniki Nusaiba aliingia bandani kupumzika, akapata nafasi ubavuni mwa mwanamke wa Jego, akampakata Salwa. Walisalimiana, wakaulizana wazima. Yule mwanamke alikuwa na pumzi ya mwanawe, Muzammil, na alikuwa akiituliza kwa kiganja kama mtu anavyomtuliza mtoto mwenye homa.

"Dada, wewe mwenyeji hapa," alisema. "Wapo waliowahi kupitishwa kabla ya saa?"

Kabla Nusaiba hajamjibu, saa mbili ikafika. Pumzi zote bandani zilinyanyuka kwa pamoja zikakimbilia langoni, zikajazana kwenye vyuma, na mwanamke wa Jego akainuka akaifuata yake mikono mbele. Ya Zahoro peke yake ilibaki imekaa, kwa kuwa hakuna aliyeiita.

Justus alitazama saa yake ya mkononi, akawaambia bado mapema.