Mlango wa Maharusi na Maiti

Bwana Lyle, wakala wa mwenye ardhi, aligonga mlango wa mbele, na Bi Winifred Alderson akamwacha agonge. Alikuwa jikoni akilisugua jiko la chuma. Katika mabonde yale ya Yorkshire watu huzunguka nyuma, wakapangusa matope, wakaingia jikoni. Mlango wa mbele hufunguliwa kumwingiza bibi harusi na kumtoa maiti, basi. Winifred aliingilia hapo akiwa msichana, na mumewe Amos alitolewa hapo majira ya baridi yaliyopita.

"Zunguka nyuma," alimwambia kupitia dirishani. "Au umekuja kunioa?"

Lyle alizunguka. Alisema kwa upole kwamba mkataba ulikuwa wa Amos, na Amos hayupo. Malisho yameshapewa mtu mwingine. Nyumba itakarabatiwa ipangishwe kwa watu wa likizo, kwa hiyo ahame mwisho wa Machi. Kisha akazisifu kuta, mawe matupu, nene kama urefu wa mkono.

"Waliozijenga ni kina Alderson," Winifred alisema. "Mawe waliyabeba wenyewe toka mtoni."

"Kwa ruhusa ya mwenye ardhi."

Neno hilo lilimchoma kuliko habari ya kuhama. Alimwambia Lyle kwamba akitoka nyumba hii atatokea mlango wa mbele.

Asubuhi ya kuhamishwa, mlango wa jikoni haukuwepo. Mahali pake palikuwa na ukuta, na mawe marefu ya kufungia pande mbili za ukuta yalikuwa yamepita toka nje hadi ndani, kama inavyotakiwa. Kuvu wa kijivu alikuwa ameshaota juu yake, kama kwenye ukuta wa miaka mingi. Winifred aliikagua kazi, akaona ni safi, akateleka chai.

Lyle alifika na wanaume wa bondeni. Walizunguka nyumba, wakarudi.

"Nyuma hakuna mlango," alisema Dickon Peacock, seremala.

"Nimeona. Mtoeni kwa huu wa mbele."

Wanaume wakatazama buti zao.

"Mtu hai hatolewi hapo, bwana," Dickon alisema.

"Huu ni mlango tu."

"Basi mtoe wewe."

Lyle alishika kitasa, akakiachia. Hakuna aliyemcheka, ingawa walitamani sana.

Madirisha ya nyumba ile yamegawanywa kwa nguzo za mawe. Mkate unapita, mtu hapiti. Tangu siku hiyo majirani humpa Winifred maziwa na kuni kwa njia hiyo, na mleta barua naye ameshazoea. Winifred hajakanyaga majani tena. Jambo hilo linamuuma, hasa kondoo wa mtu mwingine wakilia kwenye malisho yake.

Mwenye ardhi hakubadili neno. Nyumba ni yake, alisema, na yeye anaweza kusubiri. Mwezi wa Mei alimtuma Dickon aupime mlango wa mbele, utiwe wa kioo mara tu bibi atakapoondoka. Wageni wanapenda mwanga.

Dickon alipima huku kichwa kimeinama. Winifred alisogea dirishani, kikombe mkononi.

"Pima vizuri, Dickon. Makalio yangu unayajua, sitaki kukwama siku ya kutolewa."

"Nisamehe, bibi. Nimetumwa tu."

"Najua, mwanangu. Mwambie aliyekutuma hicho kioo asikiagize bado. Leo nimeamka na njaa."