Nyumba Isiyo na Mgomba

Sheria iliyomtoa Danstan nje siku ile aliitunga mwenyewe. Enzi zake za utendaji wa kijiji pale Nemba, mtu akiomba ardhi, mkutano mkuu ukifika kwenye jambo lake ilimpasa ainuke, avuke barabara, akasubiri kwenye mashine ya kusaga ili watu wamjadili kwa uhuru. "Akikaa hapa mtamwonea haya," alikuwa akisema, kidole juu. Wakambandika jina la Bwana Utaratibu. Sasa Bwana Utaratibu amestaafu, na mwombaji ni yeye.

"Mzee, wewe kaa tu," mwenyekiti wa kijiji, Philbert, alimwambia kwa huruma.

"Utaratibu ni utaratibu." Danstan akachukua kofia yake, akavuka barabara.

Alikuwa ameomba kipande kidogo tu, kwenye mteremko wa nyuma ya kigango. Nyumba aliyokuwa akiishi ni ya halmashauri, na mtendaji mpya alikuwa njiani. Kwao Rulenge, kule Ngara, ndugu zake walishagawana shamba la baba zamani wakisema, wewe una serikali, shamba la nini? Binti yake Nice alimtaka ahamie kwake Mwanza. Lakini mkewe Ildefonsa, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Nice, alilala pale Nemba, kwenye makaburi ya kigango. Kijiji kikikataa, basi ni Mwanza, na kaburi lile libaki na nyasi zake.

Akakaa juu ya gunia la pumba. Ile harufu ya unga wa moto ikamrudisha mbali, hadi siku walipofika na lori kutoka Nyakanazi, godoro juu, Ildefonsa akicheka vumbi lilivyompaka usoni. Wiki haikuisha, akashika jembe achimbe mashimo ya migomba uani. Danstan akamzuia.

"Hii nyumba si yetu. Barua ya uhamisho inaweza kuja wakati wowote. Migomba utamwachia nani? Panda maharage."

"Nyumba isiyo na mgomba ni kambi," Ildefonsa alisema. Lakini akapanda maharage.

Akapanda maharage miaka yote. Kila mwaka fununu za uhamisho zilivuma, na kila mwaka barua haikuja. Hata sahani nzuri za harusi hazikutolewa kwenye sanduku, zisije zikavunjika wakati wa kufungasha. Jamani, wako watu wanaoishi umri wao wote kama wamekaa stendi wanasubiri basi! Ildefonsa alikufa sahani zikiwa zingali zimefungwa. Zaidi ya yote Danstan alikumbuka vile vicheko vyake asubuhi, akipeta maharage mlangoni.

Aliponyanyua macho, upande wa pili wa barabara alimwona Rwekaza amesimama, anazungumza kwa mikono miwili. Mwaka mmoja Rwekaza alilima mahindi hadi ukingoni mwa chanzo cha maji, na Danstan akayang'oa mbele ya watu wote, wake na watoto wa Rwekaza wakitazama. Mashine ilinguruma, hakusikia neno. Alisikia kicheko tu, kikubwa, cha mkutano mzima. Wananicheka, akawaza. Mwanza hiyo.

Mikono ikanyooshwa. Kisha jirani yake Avelina akaja anavuka barabara mbio mbio, kanga inamdondoka. "Baba Nice, unaitwa!"

Alipofika mkutanoni, Philbert alisema, "Kijiji kimekukubali. Aliyetoa hoja ni Rwekaza."

Danstan akamgeukia asiamini.

"Usinitazame hivyo," Rwekaza alisema. "Mimi wewe sikupendi sana. Yale mahindi bado yananiuma. Lakini utakwenda wapi, na mkeo alishakupandia migomba hapa?"

"Hakupanda. Nilimkataza, naye akanisikiliza."

Watu wakaangua kicheko kile kile. Avelina akajifuta macho. "Baba Nice, kila akitoka msibani Rulenge si alirudi na gunia?"

"La viazi."

"Viazi! Ulifungua lini? Yalikuwa machipukizi ya migomba ya huko. Kwangu yapo, kwa Philbert yapo, kwa Rwekaza ndiyo usiseme. Alitwambia, 'Nitunzieni. Siku mume wangu akichoka kusubiri uhamisho, mtanirudishia.'"

Danstan alivua kofia, akakosa pa kuiweka. Kumbe ndizi zote alizokaribishwa katika nyumba za watu, akazisifia, akaomba kuongezwa, zilikuwa za mkewe. Na yeye Bwana Utaratibu, aliyejua mpaka wa kila shamba, alipita katikati ya migomba hiyo kila siku bila kuitambua. Alilia mbele ya mkutano, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Asubuhi iliyofuata walimkuta mteremkoni na jembe. Wa kwanza kufika alikuwa Rwekaza, chipukizi begani, udongo ungali umeshika mizizi. Akatazama shimo alilochimba Danstan, akasonya.

"Ongeza kina. Hayo si maharage."

Wakaja wengine, kila mtu na chipukizi lake, na mpaka jua linakuwa kali mteremkoni ilikuwa imesimama migomba michanga kila upande. Avelina alikuwa amepika ndizi sufuria nzima, ila vyombo havikutosha. Danstan akashuka hadi nyumba ya halmashauri, akalivuta sanduku kutoka uvunguni, akalifungua. Akapanda nalo mteremko, akawapakulia wote, na sahani ya kwanza akampa Rwekaza.

Rwekaza akaigeuza geuza. "Mpya hizi?"

"Za zamani," Danstan alisema. "Kula, bwana, zisipoe."