Bibi Aliyefutwa na Mjukuu Wake

Karani wa dirishani alitazama kompyuta, akamtazama mama yangu, kisha akairudia kompyuta.

"Hapa inaonyesha mgonjwa ana miezi minne," akasema.

Mama alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa sababu ya kizunguzungu. Vidonge vyake vya presha vilikuwa vimekwisha, na zahanati haikupi dawa kama humo kwenye mfumo wao mpya.

"Basi nibebe mgongoni, mwanangu," akaniambia. "Na maziwa usisahau."

Watu waliokuwa nyuma yetu wakacheka. Mimi sikucheka. Huyo wa miezi minne ni mtoto wa dada yangu, aliyeandikishwa juzijuzi kwa ajili ya chanjo. Nyumbani tuna simu moja, ni yangu, na wote tunatoa namba hiyohiyo ili tukumbushwe siku za kuja.

"Mlijaza vibaya," karani akasema.

"Ulijaza wewe," nikamjibu, ila kwa sauti ndogo mno, nadhani hakusikia.

Akamwandikisha mama upya, akabonyeza, na jina la mama likatokea. Mama alikuwa ameshanyoosha mkono apokee karatasi ya dawa, nikamwomba karani aangalie kama mtoto bado yumo. Hakuwemo. Akamrudisha mtoto. Mama akatoweka.

"Dada, chagua mmoja kwa leo," karani akasema. "Nani ana haraka zaidi?"

Mimi ni mtu wa kukaa nyuma. Hata dukani nangoja muuzaji aniulize. Lakini kuambiwa nichague kati ya mama yangu na mtoto wa dada yangu, kama mtu anayechagua nyanya, kulinipandisha damu kichwani.

"Sichagui," nikasema. "Na hatutoki hapa."

Karani akapumua kwa nguvu, akapiga simu. Akateremka mtengeneza programu, kijana mwenye miwani, kompyuta kwapani, akakaa kando yake. Dirisha lilikuwa wazi, tukasikia yote.

"Hili ni kosa la watumiaji," alianza. Akasoma kidogo. Akasoma tena.

"Vipi?" karani akauliza.

"Amri za kuhifadhi hatuziandiki wenyewe. Kuna programu inayotuandikia. Tumeiambia, mtu akiwa mgeni mwingize, akiwa yupo tayari, futa taarifa zake za zamani uweke hizi mpya."

"Na inajuaje kuwa yupo?"

"Kwa namba ya simu."

"Kumbe nyumba yetu nzima ni mtu mmoja," mama akasema.

Kijana akabadilisha, mtu atambuliwe kwa namba ya kadi yake ya zahanati. Maandishi mekundu yakajaa. Kompyuta ilikataa kumtambua mtu kwa kadi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiwekea sharti kwamba watu wawili wasipewe namba moja ya kadi. Akaliweka sharti hilo, akamtoa mtoto ili waanze upya, akajaribu tena. Safari hii mama aliingia akabaki, lakini mtoto alikataliwa kabisa: namba yake ya simu inatumika tayari.

"Kuna sharti jingine la zamani," kijana akanung'unika. "Kila mtu na simu yake. Nililiweka mimi."

"Nani alikwambia kila mtu ana simu yake?" nikauliza. Safari hii nilisikika.

"Ni kawaida tu, dada. Ungenunua laini nyingine tusingefika huku."

"Nimnunulie na huyu wa miezi minne?"

Akainamia kompyuta, akaliondoa sharti. Wakaingia wote wawili, bibi na mjukuu. Vipimo vya mama vilivyofutwa alivitoa kwenye nakala ya zamani, iliyohifadhiwa kabla mtoto hajaandikishwa, na karani akachapa karatasi ya dawa.

"Samahani kwa usumbufu," kijana akasema, kama mtu aliyenikanyaga kidole mlangoni. Akafunika kompyuta yake.

"Na wengine?" nikauliza.

"Wengine gani?"

"Wenye simu moja kama sisi, waliokwisha kufutwa."

"Wakija kulalamika tutawarekebisha."

Wakilalamika. Mama alikuwa amesimama hapo na kizunguzungu chake, akaambiwa yeye ni mtoto mchanga, watu wakacheka, na kama angekuja peke yake angerudi nyumbani mikono mitupu akiamini kosa ni lake.

Nikampa mama karatasi, nikamketisha kwenye benchi. Kisha nikaugeukia mstari. Sikujua mikono niiweke wapi.

"Mnaotumia simu moja nyumbani," nikasema, "msiondoke kabla hamjaangaliwa kama bado mmo. Mmoja alipoandikwa, mwingine alifutwa."

Mama mmoja mwenye mapacha akatoka kwenye mstari.

"Mimi, hawa na baba yao, simu moja," akasema. "Hebu tuangalie."

Mzee mwenye fimbo akamfuata, akafuata na mwingine nyuma yake. Karani akamtazama mtengeneza programu. Kijana akavuta kiti, akafunua kompyuta yake tena.