Maswali ya Mama Kuhusu Dari

Mama hajawahi kujali dari. Ya nyumbani kwetu inavuja kila masika, naye husogeza ndoo tu. Lakini siku ile, ndani ya kanisa la nyumba kongwe ya watawa, alimng'ang'ania mwongoza wageni kama kupe.

"Na haya matao, mwanangu, yanasimamaje bila nguzo ya katikati?"

Mwongoza wageni akachanua. Mtu kama huyo humwulizi swali, maana hujui atamaliza lini. Akaeleza matao, akaeleza chokaa, akatuonyesha kuba juu ya vichwa vyetu. "Hili linabeba sauti, mama. Mtu akinong'ona hapa, nyuma ya ukuta wa altare wanasikia."

Mimi nilikuwa nachemka. Nyuma ya ukuta huo ndiko aliko mama mdogo, mdogo wake Mama wa tumbo moja. Wageni huonana na watawa kwenye dirisha la nondo hadi kengele ya adhuhuri, basi. Na kesho yake mama mdogo alikuwa anahamishiwa nyumba nyingine, mbali, ambako hatungemfikia tena.

"Mama, kengele inakaribia."

"Ngoja kwanza. Na ule mchoro wa pembeni?"

Jamani! Nikamvuta kando, pale pale chini ya kuba. "Tumekuja kuangalia michoro au kumwona mdogo wako?"

Akainamisha kichwa. "Nitamtazama kwa macho gani?" alinong'ona. "Siku anaweka nadhiri nilijifungia ndani. Nilimwambia kwangu amekufa. Mdogo wangu mwenyewe! Nilikosa, nilikosa sana."

"Si ungesema hivyo nyumbani, Mama, tulie huko huko tuokoe nauli?"

Kengele ikaanza kulia. Nikamshika mkono, nikamkokota kanisa zima hadi kwenye dirisha. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma ya nondo, macho yamelowa, mdomo umebana kicheko.

"Dada, tangu lini wewe na dari?"

Mama akageuka, akalitazama lile kuba.

"Nimesikia yote. Matao, chokaa, na ulichosema mwisho." Akapitisha vidole kati ya nondo. "Shika basi, kengele haijaisha."

Mama akavishika kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti.

Mwongoza wageni akatokea akihema, akauliza kama tungependa kujua nondo zile zilifuliwa wapi.

"Hatupendi," akasema Mama.