Mguu Uliobaki Kwenye Breki

Maneno yenyewe yalimkuta mama akiwa na pini tatu mdomoni, amepiga magoti chini ya upindo wa gauni la mteja, kwa hiyo hakuweza hata kusema "ondoka na uongo wako."

"Hilo gari jeupe la binti yako," mteja alisema kutoka juu, akijitazama kwenye kioo, "si ndilo la yule mama aliyefia kwenye mteremko? Wamelipaka rangi tu. Watu wanasema mguu wake haujatoka kwenye breki mpaka leo."

Mama akazitoa pini moja moja mdomoni. "Watu gani?"

"Watu, bwana. Mimi nayasema kama nilivyoyapata. Halafu usinibane kiuno, bado sijala."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi, shule yake iliishia darasa la saba, na woga ulikuwa kama amezaliwa nao. Mvua ikinyesha aliona mafuriko. Simu isipopokelewa aliona jeneza. Lakini neno hili halikuwa kama woga wake wa kila siku. Lilimganda kama uzi mweupe kwenye nguo nyeusi. Akiwa anakanyaga cherehani chake, mguu ukishuka na kupanda, mara mguu unasimama wenyewe. Anautazama kama si wake.

Bintiye alikuwa mpima ardhi. Gari alilinunua kwa dalali, la zamani lakini safi, apate kubebea vyombo vyake vya kupimia, na mara mbili kwa mwezi alishuka nalo bondeni kwa ule mteremko mrefu wenye kona kumi na moja. Mwanzoni lilikuwa sikivu. Kisha likaanza kunywa.

"Hili si gari, ni mlevi," binti alisema. "Asubuhi nalijaza, jioni linanikodolea macho kwa kiu."

Aliyeanza kuandika ni mama. Kwenye daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma, aliandika: leo tangi limejazwa mpaka juu, zimetembewa kilomita kadhaa, limejazwa tena mpaka juu, zimeingia lita kadhaa. Kugawanya alijua; darasa la saba halikumwacha mikono mitupu. Lita moja ilikuwa inatembea kilomita kumi na mbili. Ikawa kumi. Ikawa nane na nusu. Kila akigawanya alihisi kuna mtu anavuta kutoka upande wa pili wa hesabu.

Wakalipeleka kwa fundi aliyeitwa Taratibu, kwa sababu hajawahi kuharakishwa na mtu, hata na mkewe akiwa na uchungu wa kujifungua.

"Mafuta hayapotei hivi hivi, mama," Taratibu alisema, akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Ama yanavuja, ama yanaungua vibaya, ama yanafanya kazi ambayo hukuyatuma."

Hilo la tatu lilimpita mama mgongoni kama maji ya baridi.

Taratibu akalala chini na tochi, akafuata bomba la mafuta kutoka kwenye tangi hadi kwenye injini. Pakavu. Akatoa kichujio cha hewa, kimeziba kama pua ya mtoto mwenye mafua, akaweka kipya. Akabadilisha plagi nne zilizochakaa. Akajaza upepo matairi yaliyokuwa yamelegea. Kisha akauliza, "Kuna kingine mmekiona? Harufu? Joto? Gari kuwa zito?"

Mama alikuwa na mambo matatu kifuani. La kwanza, paka wa jirani: gari likirudi tu, paka alikwenda kujilaza kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, lile lile kila siku, akafumba macho kama anabembelezwa. La pili, kile kimteremko cha mbele ya nyumba: zamani waliweka jiwe gari lisiteleze, siku za karibuni binti alisahau jiwe na gari likasimama tu, limeng'ang'ania ardhi. La tatu, harufu. Kama pasi iliyosahauliwa juu ya kitambaa. Alipokaa kiti cha mbele harufu ilimjia, naye akajikuta anavuta miguu yake nyuma, asije akakanyaga mguu wa mtu.

Alifungua mdomo aseme. Binti akamwahi, huku anacheka: "Usimuulize mama, fundi. Mama akiona jani linatikisika, kwake ni tetemeko. Atakwambia lina mashetani."

Taratibu akacheka. Wasaidizi wake wakacheka.

"Hakuna kitu," mama akasema.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo mama aliijua tangu anasoma, lakini hakudhani inahusu magari.

Wiki ya kwanza lita moja ilitembea kilomita tisa na nusu, na binti akatamba kwamba mlevi ameacha pombe. Wiki ya tatu ilikuwa saba. Binti akasema gari ni zee, na wazee hula. Akalijaza mafuta, akaendelea na kazi.

Mama ndiye hakuendelea. Alimpigia binti simu akiwa njiani, mara umefika wapi, mara kuna harufu, mara hebu nisikie mlio wa gari. Wiki moja alipiga mara kumi na tisa. Mwishowe binti akasema kwa upole uliomuuma mama kuliko matusi: "Mama yangu, nikiwa naendesha nitaizima sauti ya simu. Utaniua kwa kunilinda."

Alhamisi asubuhi, saa moja kamili, binti aliondoka na wenzake wawili kwenda bondeni. Saa mbili na robo mama alikuwa amesimama kwenye karakana ya Taratibu, daftari mkononi.

"Limeshuka tena," alisema. "Saba. Na haya mengine sikukwambia, na leo ukitaka kucheka, cheka, ila nimalize."

Akamwambia yote: paka, jiwe, harufu, na lile neno la mguu wa marehemu.

Taratibu hakucheka. Afadhali angecheka. Aliweka spana chini taratibu, na kwa mara ya kwanza mama alimwona akiwa na haraka usoni.

"Gurudumu la nyuma kushoto?"

"Hilo hilo."

"Mama, breki imeng'ang'ania. Mtu akiachia pedali, yenyewe haiachii. Injini inasukuma gari ambalo lenyewe linajishika, ndiyo maana linakunywa. Paka anaota moto pale."

"Kwa hiyo ule mguu…"

"Mguu upo. Waliosema hawakukosea. Gari liko wapi?"

Mama akatazama barabarani. "Limekwenda bondeni. Wanashuka."

Taratibu akashika kichwa. "Mpigie. Kwenye tambarare breki ya hivyo inakula mafuta tu. Kwenye mteremko inachemka, mafuta ya breki yanachemka nayo, akikanyaga pedali inakwenda mpaka chini kama anakanyaga uji."

Mama akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, na yeye aliijua ile sauti inavyoita mahali ilikozimwa: huku inalia, kule hakuna kitu. Mara ya nne akaacha. Ukimya ule alikuwa ameutengeneza yeye mwenyewe, simu baada ya simu.

"Wenzake je?"

"Namba zao sina."

Walitazamana. Mama alikuwa bado amelishika daftari, na macho yake, kwa kukosa pa kwenda, yakaangukia kwenye hesabu ya mwisho. Akaisoma kwa sauti, kama mtu anayesoma kwenye kaburi. "Jana jioni tangi lilikuwa tupu kabisa. Ameweka lita kumi na nne. Saba mara kumi na nne, tisini na nane." Akainua macho. "Fundi, kutoka hapa mpaka juu ya mteremko ni kilomita ngapi?"

"Themanini na tano."

"Basi atafika pale taa ya mafuta inawaka. Na akikipita kituo cha pale juu hakuna kingine mpaka bondeni. Ataingia kujaza. Hana budi."

Taratibu alikuwa ameshatoa simu yake. "Kile kituo shemeji yangu ndiye anayejaza mafuta."

Akaiweka sauti kubwa. Ikaita mara tatu.

"Shemeji! Leo umenikumbuka, au unataka kukopa?"

"Nisikilize. Gari jeupe la zamani, dada anaendesha, ana vyombo virefu nyuma, lina watu watatu. Limepita hapo?"

"Hilo limetoka sasa hivi. Si nimelijaza mimi mwenyewe? Lile pale linaingia barabarani."

"Lisimamishe!"

"Nilisimamishe vipi, mimi ni trafiki?"

"Kimbia!"

Wakasikia viatu. Wakasikia pumzi, upepo, sauti ya yule shemeji ikipiga kelele, "Dada! Wewe dada! Simama! Hujalipa!" Kisha mlio wa kitu kikianguka, kisha hakuna kitu. Kwenye karakana msaidizi mmoja aliacha kupiga nyundo. Mama alikuwa anatazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa umekanyaga sakafu, umekaza, kisigino kimeinuka. Hakuuweka yeye hivyo.

Simu ikakwaruza. "Shemeji," ilisema, ikihema, "nimeangusha simu. Amesimama. Amekasirika huyo, anasema amelipa. Ni kweli amelipa, lakini ningesema nini kingine?"

"Chota maji kiganjani. Matone tu, usimwage. Nyunyizia gurudumu la nyuma kushoto, pale katikati."

Viatu vikaenda, vikarudi. Kisha wote wakasikia: *tssss*.

"Mungu wangu," alisema shemeji.

Halafu sauti ya binti, karibu na simu: "Nani anasema… Mama? Mama, ni wewe tena?" Alitaka kugomba, kulikuwa na ugomvi mwanzoni mwa sentensi. Haukufika mwisho. "Mama. Kunatoka moshi."

"Ninajua, mwanangu," mama alisema. "Kaa mbali nalo. Usishuke."

Taratibu alikwenda huko huko na vifaa vyake, akalifungua gurudumu pembeni mwa kituo. Sahani ya breki ilikuwa ya buluu kwa joto, pedi zimelika hadi kwenye chuma, na ile pistoni ndogo inayozisukuma ilikuwa imeshikwa na kutu, haiendi mbele wala nyuma. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya jana.

"Kutu hii si ya mwezi huu," aliwaambia. "Baada ya ile ajali walinyoosha bati, wakapaka rangi. Hapa hakuna aliyegusa. Walitengeneza kinachoonekana."

Mteja alipokuja kuchukua gauni lake, mama hakumpa. Alilikunja, akalikalia. "Lile neno la mguu. Nani alilisema kwanza?"

"Makubwa! Umeniteka?"

"Nani?"

Mteja akashusha mkoba. Alilipata kwa wifi yake, na wifi yake kwa jirani wa marehemu. Na yule jirani, mwanzo kabisa, alilisikia kwa mtoto wa marehemu, mtoto wa miaka saba aliyetolewa garini akiwa mzima. "Mtoto alisema tu, mama alikanyaga breki mpaka chini na gari halikusimama. Alisema mama alikuwa analalamika wiki nzima kwamba gari linakula mafuta. Huku mjini ndiyo wakaongeza chumvi."

Mama akamrudishia gauni lake. Mtoto aliwaambia watu ukweli mtupu, maneno mawili, na watu wazima wakayavisha sanda wakayatembeza mjini kama mzimu, mpaka hakuna aliyeyatambua. Laiti mmoja wao angeinama akagusa gurudumu.

Sasa lita moja inatembea kilomita kumi na mbili tena. Mama akipanda, gari linateleza jepesi kama hariri chini ya sindano, na kimteremko cha mbele ya nyumba kinahitaji jiwe. Lakini wakikaribia kona za bondeni hugeuka kumtazama bintiye mguuni, na midomo yake husogea. Binti anadhani mama anasali. Mama anamshukuru aliyefia humo, ambaye hakumjua kwa jina wala sura.

Kwa wenye magari ya zamani, na mama zao:

Usiseme "gari ni zee, ndivyo lilivyo." Likianza kunywa zaidi ya jana, kuna sababu.

Usikadirie kwa macho. Jaza mpaka juu, tembea, jaza tena mpaka juu, gawanya, andika.

Usimfiche fundi kitu kwa kuogopa kuchekwa. Mwambie harufu, joto, uzito, hata kama unaona ni upuuzi.

Usishike gurudumu lililotoka safari kwa kiganja. Sogeza mkono karibu tu. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, usiendelee na safari.

Usimwagie maji mengi breki iliyochemka.

Usishuke mteremko kwa kukanyaga breki muda wote. Weka gia ndogo.

Usinunue gari lililopata ajali kwa kutazama rangi. Waambie wafungue magurudumu yote manne.

Usimpigie simu mtoto mara kumi na tisa kwa jambo lisilo na maana.

Usipitishe neno la marehemu kabla ya kumuuliza aliyekuwepo alisema nini.