Mashine Iliyosahau Kila Umeme Ukikatika

Umewahi kumsikia mwanao akisema, "Mama, kuna jambo," kisha simu ikakatika? Mimi yamenikuta Ijumaa tatu mfululizo. Mwanangu Mwanaidi anafanya kazi za ndani Maskati, na tajiri wake humpa simu anipigie kwa intaneti nusu saa tu, baada ya sala ya Ijumaa.

Hapa mtaani kwetu Mtanda nyumba nne tunatumia intaneti moja. Inapita kwenye kompyuta ndogo ya mjukuu wangu Nasma, iliyo juu ya kabati la vyombo. Yeye ndiye aliyeiandikia sheria: nani apite, nani azuiwe, na simu zetu zote ziingie mtandaoni kwa anwani moja. Umeme ukikatika, inazisahau sheria zote.

Ijumaa hii umeme ulikatika mara mbili. Nasma akaandika upya. Zilibaki dakika kumi na mbili za ile nusu saa.

"Hicho kidude kinanishinda mimi kwa kusahau," nikamwambia. "Hakina daftari?"

"Kinalo, bibi. Uvivu wangu tu, kila siku nasema kesho." Akazihifadhi sheria kwenye faili, akaiamuru mashine izisome kila inapowaka.

Umeme ukakatika tena. Nikakaa sakafuni, nikalia. Uliporudi, Nasma hakugusa kitu. Tukasubiri. Simu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema upesi, mwanangu."



"Mama, nataka kurudi nyumbani."