Akiacha Kutetemeka

Mama alikuwa ameshalifunua blanketi nusu, nami nikalirudisha hadi kidevuni. Mzamil, mdogo wangu, alikuwa amelala katikati yetu, macho kayafumba. Tulikuwa tumetoka kuswali Alasiri, na joto la Mji wa Kale lilikuwa limejaa chumbani. Tangu asubuhi malaria ilikuwa imemtetemesha hadi kitanda kikalia, dawa tumempa, na sasa ametulia tuli.

"Mfunue mwenzio," mama alisema. "Hatetemi tena. Homa ishashuka."

Kila mama wa Mombasa anayajua hayo, nami niliyajua tangu utotoni. Ndiyo yaliyokaribia kumuua Mzamil mwaka jana, na mama hajaambiwa hadi leo.

Ilikuwa Julai, kipupwe. Wafanyakazi wenzake Mzamil wa bandarini waliandaa safari ya kupiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba niende naye na nisimtoe machoni. Loise, mzaliwa wa Nyeri aliyepanga safari, alitupa orodha ya nguo: sweta na soksi za sufu, koti la mvua, nguo za kubadilisha zifungwe kwenye plastiki. Chini kabisa aliandika, akapigia na mstari: pamba isivaliwe.

Nilicheka. Mimi ni muuza leso wa Biashara Street, pamba ndiyo inayonilisha. Mtu wa bara anifundishe mimi nguo? Sufu inawasha, na sweta za mitumba pale Makupa hulundikwa chini, hakuna anayezigusa. Nikamvisha Mzamil fulana tatu za pamba, shati zito na jinzi, na mkobani nikamtilia doti mpya ya leso iliyoandikwa *Mcheza kwao hutunzwa*. Alivimba kama andazi. Nilimtazama nikaona nimemvisha kuliko wote.

Kwanza alitoka jasho akipanda. Kisha ikaja mvua ya rasharasha, na nyuma yake upepo. Makoti ya mvua hatukuwa nayo, Loise akaniazima lake la akiba. Mzamil alikataa la kuazimwa, mwanamume yule, na mimi sikumlazimisha. Saa kumi tulipofika kambini pamba yote ilikuwa imerowa na kumganda mwilini, akitetemeka hata kikombe hakishikiki. Nilimwingiza hemani, nikamfunika blanketi juu ya nguo zile zile zilizorowa. Niliogopa, nikawa namwombea huku wenzetu wakihangaika nje na mahema yao.

Baada ya muda akatulia.

"Dada, baridi imekwisha," alisema, ulimi mzito kama aliyetoka kung'olewa jino. "Nasikia joto."

Nikamshukuru Mungu. Nikafungua zipu ya hema apate hewa, nikaliondoa blanketi, nikachovya ncha ya leso majini na kumpangusa uso. Kisha nikampepea. Naam, nilimpepea ndugu yangu aliyekuwa akifa kwa baridi, na nilikuwa na furaha.

Loise alikuja na chai. Alipotuona hakupiga kelele. Aliliweka birika chini taratibu, na utaratibu ule ndio ulionitia hofu.

"Ameacha kutetemeka tangu lini?"

"Sasa hivi. Homa imeshuka."

"Hana homa, Shukri. Ni mwili umeshindwa kujipigania. Mtu wa baridi akiacha kutetemeka, ndiyo anaenda."

Tulimvua nguo zote. Loise alivua sweta yake mwenyewe ya sufu akamvisha, tukamtia kwenye mfuko wa kulalia, chupa za maji moto kwapani, akaniambia niingie nimkumbatie. Ngozi yake ilikuwa ya samaki aliyetolewa kwenye barafu. Nilimwita, hakuitika. Nilisoma kila dua niliyoijua, zikaisha, nikaanza upya. Katikati ya dua nilijikuta natafuta neno la kwanza nitakalomwambia mama kwenye simu, na sikulipata.

Halafu bega lake likaruka. Likafuata taya. Kisha akatetemeka mwili mzima, meno yakigongana sikioni mwangu, nami nikalia kwa sauti wala sikuona haya.

Sasa mama alikuwa akinitazama mimi, si mgonjwa. Mkono wangu ulikuwa umeling'ang'ania blanketi.

"Shukri, mwenzio yuwatoka jasho. Wataka kumpika?"

Kweli, jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Nililiona. Niliujua ugonjwa na niliujua mji niliomo, lakini vidole havikufunguka.

Mzamil alifumbua macho. Akanitazama usoni, akautazama mkono wangu. Yeye pia hakuwahi kumwambia mama.

"Bado natetema, dada, siendi popote," alisema, akaanza kuyagonganisha meno kwa makusudi, huku jasho likimwingia machoni.

Nikaliachia blanketi.